Maswali ya Wasomaji: Mbona Mtaalamu wa Usemi Alikaa Sakafuni na Mwanangu?

Barua za safari hii zimetoka kwa watu wasiofahamiana, na matatizo wanayoyaeleza hayafanani. Hata hivyo, karibu zote zinazunguka swali moja ambalo nimeishi nalo tangu nianze kazi hii: je, mtaalamu wa tiba ya usemi na lugha anatibu ulimi, au anamhudumia mwenye ulimi pamoja na wale wanaozungumza naye kila siku? Nimeona ni vyema nizijibu pamoja.

SWALI: Mtaalamu, pokea salamu zangu. Mwanangu wa kiume ana umri wa miaka minne, na amekuwa na kigugumizi kwa muda unaopita mwaka mmoja. Hapo mwanzo alikuwa akirudia silabi ya kwanza tu, lakini siku hizi neno hukwama kabisa, naye hukaza macho na kupiga mguu chini. Baba yake humwambia atulie, avute pumzi na kuanza upya, ila naona mtoto anazidi kunyamaza. Nilimpeleka kwa mtaalamu wa usemi, naye alikaa sakafuni saa nzima akicheza naye vigari, kisha akaniuliza mimi kuhusu usingizi wa mtoto, ndugu zake, na kama katika ukoo wetu yupo mwenye kigugumizi. Hakumfundisha hata neno moja. Je, nimepoteza muda na fedha zangu? – *Mama mwenye wasiwasi*

JIBU: Hukupoteza, mama. Kwa jinsi ulivyoieleza saa ile, naamini uliketi mbele ya mtu anayeijua kazi yake.

Mtaalamu anapocheza na mtoto sakafuni, masikio yake yanafanya kazi ambayo wewe huioni. Anahesabu ni silabi ngapi zinazorudiwa na ngapi zinazokwama, anatazama kama shingo na macho yanakazwa, na anapima tofauti kati ya mtoto anapozungumza akiwa ametulia na anapozungumza akiwa anashindana na mtu mwingine kupata nafasi ya kusema. Mtoto aliyewekwa kitini na kuamriwa kutaja picha humwonyesha mtaalamu usemi wa mtihani, ilhali tunachohitaji kukisikia ni usemi anaoutumia anapoishi.

Maswali uliyoulizwa nayo hayakuwa ya kupitisha muda. Takriban watoto 5 katika kila 100 hupitia kipindi cha kigugumizi, mara nyingi kati ya umri wa miaka 2 na 5, na wengi wao hupona, ndiyo maana katika watu wazima hubaki karibu mtu 1 katika kila 100. Kinachotusumbua ni kujua nani atapona mwenyewe na nani atahitaji kusaidiwa mapema. Kuwa mvulana, kuwa na ndugu wa damu ambaye kigugumizi chake hakikuisha, na kuendelea na hali hiyo kwa zaidi ya mwaka mmoja ni mambo yanayoongeza uwezekano kwamba hakitaondoka chenyewe. Kwa hiyo swali kuhusu ukoo lilikuwa kipimo. Swali kuhusu usingizi lilikuwa na maana yake pia, kwa kuwa uchovu hausababishi kigugumizi lakini kwa watoto wengi hukizidisha.

Naomba nikuondolee mzigo ambao huenda umeubeba kimya kimya. Kigugumizi hakiletwi na malezi mabaya, wala na woga wa mama, wala na kumwiga jirani. Mizizi yake ipo katika urithi na katika namna ubongo unavyoratibu mwendo wa usemi. Hukumfanyia mtoto wako kosa lolote lililokianzisha.

Ila mwenendo wetu sisi wakubwa unaweza kukiongezea uzito. Mtaalamu wa Marekani Joseph Sheehan alikifananisha kigugumizi na siwa barafu, yaani pande kubwa la barafu linaloelea baharini: sehemu ndogo inayoonekana juu ya maji ni yale marudio na kukwama tunakokusikia, na sehemu kubwa iliyozama ni aibu, hofu na mazoea ya kujificha. Mtoto wa miaka minne huwa bado hajawa na sehemu kubwa chini ya maji. Macho yanayokazwa, mguu unaopigwa chini, na hasa huko kunyamaza ulikokutaja, ni dalili kwamba imeanza kukua.

Upo ushahidi mmoja wa kihistoria ambao siupendi lakini siwezi kuuacha. Mwaka 1939, katika jimbo la Iowa nchini Marekani, mwanafunzi Mary Tudor, chini ya usimamizi wa Wendell Johnson, aliwafanyia jaribio watoto 22 wa kituo cha yatima. Baadhi yao walikuwa wakizungumza vizuri tu, lakini wakaambiwa kwamba usemi wao una kasoro na wakawa wanakosolewa kila walipoteleza. Jaribio lile halikuthibitisha kwamba maneno matupu huzaa kigugumizi, lakini baadhi ya watoto hao wakawa wazito wa kuzungumza, wenye haya na wenye kujishuku. Chuo kikuu kilichohusika kiliomba radhi mwaka 2001. Nikiwafikiria watoto wale, huelewa kwa nini mtaalamu wako hakuanza kwa kumsahihisha mwanao.

Sasa tumrudie baba yake, ambaye bila shaka anampenda mtoto na anatafuta njia ya kumsaidia. Tatizo la maneno “tulia, vuta pumzi, anza upya” ni kwamba mtoto huyasikia kama hukumu: ulichotaka kusema hakina uzito, kilicho na uzito ni jinsi ulivyokosea kukisema. Nitakueleza jambo nililolishuhudia. Mtoto wa rika la mwanao alishika kigari na kusema “ga-ga-ga-ga,” akakwama, akabadilika uso. Mwenzangu aliyekuwa akicheza naye hakumwangalia kwa huruma wala hakummalizia neno. Aliendelea kusukuma kigari chake polepole, uso wake ukiwa umemwelekea mtoto, mpaka neno likatoka: “gari langu limevunjika gurudumu.” Naye akajibu, “Kumbe! Sasa tutalipelekaje kwa fundi?” Alijibu habari, akauacha usemi. Mtoto akacheka na kuendelea kuzungumza, akikwama hapa na pale, bila kujali.

Mwombe baba yake afanye hivyo hivyo: asubiri, amtazame kwa utulivu, ajibu kile kilichosemwa, na apunguze mwendo wa maneno yake mwenyewe badala ya kumwamuru mtoto apunguze wake. Tengeni pia dakika chache kila siku ambazo mtoto hashindani na ndugu zake kupata nafasi ya kuzungumza. Hata hivyo, kwa kuwa mwaka umepita na dalili za kujikaza zimeonekana, msiishie hapo. Rudini kwa mtaalamu. Huenda akawapendekezea mpango wa Lidcombe, uliobuniwa Australia, ambapo mzazi ndiye anayetoa tiba nyumbani kila siku kwa maelekezo ya mtaalamu, hasa kwa kuusifu usemi uliotoka bila kukwama. Mpango huo una taratibu zake na vipimo vyake, basi usiuanze kwa kusikia tu kutoka kwangu.

SWALI: Mume wangu ana miaka 58. Miezi minane iliyopita alipata kiharusi, na tangu hapo neno lake ni moja tu, “kesho.” Akitaka miwani ni kesho, akikasirika ni kesho. Wageni wakija huniuliza mimi, “Anaendeleaje?” huku yeye ameketi pale pale, nami huona machozi yakimlengalenga. Mtaalamu wa kwanza alimpa picha za vitu azitaje, akashindwa, akagoma kurudi. Wa pili aliniuliza, “Kabla ya kuugua alikuwa mtu wa namna gani?” Tena tumeambiwa kwamba miezi sita ikipita hakuna tena nafuu ya kutarajia. Nimsikilize nani? – *Mke aliyechoka lakini hajakata tamaa*

JIBU: Dada yangu, nianze na la mwisho, kwa sababu ndilo linaloumiza zaidi na ndilo lisilo sahihi. Ni kweli kwamba nafuu huja kwa kasi zaidi katika wiki na miezi ya mwanzo. Si kweli kwamba mlango hufungwa miezi sita ikitimia. Utafiti umeonyesha kwamba tiba ya lugha inayotolewa kwa wingi wa saa kila wiki huwaletea maendeleo hata watu waliopata kiharusi zaidi ya miezi sita nyuma. Aliyewaambia vinginevyo amewanyima kitu ambacho bado ni haki yenu.

Hali aliyo nayo mumeo huitwa afasia, na huwapata takriban theluthi moja ya watu wanaonusurika kiharusi. Ni jeraha la lugha, na lugha si akili. Mwaka 1861 daktari Mfaransa Paul Broca alimchunguza mgonjwa aliyeitwa Leborgne, ambaye kwa miaka mingi alikuwa hawezi kutamka isipokuwa silabi “tan,” ambayo kwa kawaida aliirudia mara mbili, ingawa alielewa mengi aliyoambiwa. Alipofariki, ubongo wake ulionyesha jeraha katika sehemu ya mbele ya upande wa kushoto, na sehemu hiyo ikapewa jina la Broca. Wanafunzi wengi wa udaktari hadi leo humjua mtu yule kwa silabi yake, yaani Tan, kuliko kwa jina lake. Hunisikitisha kila ninapoisoma habari hiyo, kwa kuwa ndicho hasa kinachompata mumeo sebuleni mwake mwenyewe: watu wanalisikia neno lake moja na wanamsahau yeye.

Kuhusu wataalamu hao wawili, nisingependa umtupe mmoja na kumkumbatia mwingine. Mazoezi ya kutaja vitu yana kazi yake. Kosa lilikuwa kuanza na picha ambazo hazimhusu na kumwacha ashindwe mfululizo bila kumwonyesha njia nyingine ya kufikisha ujumbe. Mtaalamu wa pili aliuliza alikuwa mtu wa namna gani kwa sababu jibu la swali hilo ndilo litakaloamua maneno gani yafanyiwe mazoezi. Mwaka 2001 Shirika la Afya Duniani lilitoa mfumo wa kueleza ulemavu ambao haukomei kwenye kiungo kilichoumia, bali unaangalia pia mambo ambayo mtu anaweza kuyatenda, nafasi anayopata ya kushiriki maishani, na mazingira yanayomwezesha au kumzuia. Kwa mfumo huo, mgeni anayekuuliza wewe badala ya kumuuliza mumeo ni sehemu ya ulemavu wake, na mgeni huyo anaweza kufundishwa.

Huko Toronto nchini Kanada, mtaalamu Aura Kagan aliendeleza njia ya kuwafunza watu wa karibu wa mgonjwa jinsi ya kuyabeba mazungumzo pamoja naye. Jambo la kwanza katika njia hiyo ni kumwambia mhusika waziwazi: najua kwamba unajua. Baada ya hapo hutumika karatasi, kalamu nene, ishara, michoro, na maswali yanayojibika kwa ndiyo au hapana.

Niliwahi kumhudumia mzee aliyekuwa seremala, ambaye neno lake lilikuwa “haya.” Kwa siku mbili alikuwa akisema “haya, haya” kwa hasira, na wanawe wakadhani ana maumivu. Nilichukua karatasi nikaandika kwa herufi kubwa maneno matatu, moja chini ya jingine: MAUMIVU, MTU, KITU. Aliyatazama kwa muda mrefu. Kidole chake kikapita juu ya la kwanza bila kusimama, kikatua kwenye MTU, kisha kikashuka hadi KITU. Nikampa kalamu. Kwa mkono wa kushoto, ambao hakuuzoea, alichora mstatili na nukta ndogo pembeni. Ulikuwa mlango na kitasa chake. Mwanawe wa kwanza akakumbuka kwamba kuna mteja aliyetanguliza malipo ya mlango kabla baba yao hajaugua. Mzee alikuwa na deni la ahadi, na alitaka mteja aarifiwe. Alipoelewa kwamba tumeelewa, aliegemea kiti na kufumba macho. Kuanzia wiki iliyofuata tuliyafanyia mazoezi maneno mlango, mbao, mteja na fedha, naye hakugoma hata siku moja.

Kwa hiyo, wageni wakija, kaa pembeni yake badala ya mbele yake, na mtu akikuuliza habari zake mgeuzie swali yeye mwenyewe: “Baba fulani, anauliza unaendeleaje,” huku mkononi ana karatasi yenye maneno VIZURI, HIVYO HIVYO na VIBAYA. Unapozungumza naye, zima redio, sema jambo moja kwa wakati, na mwisho rudia ulivyoelewa ili athibitishe. Ukishindwa kuelewa, usijifanye umeelewa, kwani atajua. Jaribuni pia nyimbo anazozifahamu, kwa sababu baadhi ya watu wenye afasia huweza kuimba maneno ambayo hawawezi kuyasema, na ipo tiba iliyojengwa juu ya msingi huo tangu mwaka 1973.

Neno moja kuhusu machozi. Mfadhaiko mkubwa wa moyo huwapata watu wengi baada ya kiharusi, na mwenye afasia hana maneno ya kuueleza. Mwambie daktari wake kuhusu machozi hayo kama ungemwambia kuhusu homa. Na wewe uliyejiita “aliyechoka,” mtaalamu mzuri atakuuliza hali yako pia, na utakuwa na haki ya kumjibu kwa ukweli.

SWALI: Binti yetu ana miaka miwili na nusu na anasema maneno kama ishirini tu. Nyumbani tunatumia lugha mbili, na tumeshauriwa tuache lugha ya bibi yake ili asichanganyikiwe. Tufanye hivyo? – *Wazazi wawili*

JIBU: Hapana. Lugha mbili haziharibu usemi wa mtoto, na mtoto mwenye tatizo la lugha atakuwa nalo hata akilelewa kwa lugha moja. Mkiiacha lugha ya bibi, mtakuwa mmempunguzia mtoto mtu mmoja wa kuzungumza naye, tena mtu mwenye nafasi na hamu ya kuzungumza naye.

Hesabuni maneno yake katika lugha zote mbili kwa pamoja. Ikiwa jumla bado ni ishirini, msisubiri, kwa sababu mtoto wa miaka miwili hutarajiwa kuwa na maneno yapatayo hamsini na kuanza kuunganisha mawili mawili. Apimwe usikivu kwanza, hata kama mnaona anasikia, kisha aonwe na mtaalamu wa usemi na lugha. Bibi aende pamoja nanyi.

SWALI: Mimi ni mtaalamu wa usemi niliyehitimu karibuni. Mafunzo yalinipa vipimo na fomu, lakini wazazi wanapolia mbele yangu mimi hukimbilia kuandika. Mwenzangu mmoja anasema huruma ndiyo tiba yenyewe, mengine yote ni makaratasi. Je, ana haki? – *Mgeni kazini*

JIBU: Sikubaliani naye, ingawa naelewa alipotokea. Katika lugha yetu neno “huruma” hubeba mambo mawili. Lipo la kumwonea mtu huruma, ambapo wewe umesimama juu na yeye yuko chini. Lipo pia la kujiweka katika nafasi yake, kuyatazama mambo kwa macho yake bila kusahau kwamba maumivu ni yake na si yako. Mwanasaikolojia Carl Rogers, katika makala yake ya mwaka 1957, aliliweka hili la pili miongoni mwa masharti ya lazima ili mtu abadilike kwa msaada wa mwingine. La kwanza, katika kazi yetu, linaweza kudhuru.

Chukua mfano wa mtu mwenye ugonjwa wa Parkinson ambaye sauti yake imefifia. Ipo tiba ya sauti iitwayo LSVT, yenye vipindi 16 ndani ya wiki nne, ambayo humtaka atoe sauti kubwa kwa bidii, tena na tena, kila siku. Ukimwonea huruma na kumpunguzia mazoezi kwa kuwa amechoka, umempokonya sauti ambayo angeweza kuipata. Ukimlazimisha bila kujua kwamba anachokitaka ni kuita majina ya wajukuu wake na kusikika hadi uani, ataacha katika wiki ya pili. Idadi ya vipindi imetokana na utafiti. Sababu ya kuvimaliza anayo yeye, nawe ni lazima uitafute. Usikubali mtu akuambie uchague kati ya hayo mawili.

Sasa kuhusu mzazi anayelia. Nilikimbilia fomu kwa miaka mingi kuliko ninavyopenda kukiri, na nilidhani ninaonyesha utaalamu. Mama mmoja aliniambia baadaye kwamba siku nilipomwambia mwanawe ana usonji, kitu anachokikumbuka ni sauti ya kalamu yangu.

Mzazi akilia, weka kalamu chini. Usiseme “atakuwa sawa,” kwa sababu hujui, naye anajua kwamba hujui. Usimweleze ugonjwa kwa wakati huo, maana hatasikia. Kaa kimya naye, na ukimya utakaouona mrefu mno kwako mara nyingi kwake hautakuwa mrefu. Akiinua uso, muulize ni jambo gani hasa linalomlemea. Nilishangaa, mara ya kwanza nilipouliza hivyo, kusikia kwamba baba wa mtoto asiyesema hakulia kwa sababu mtoto hasemi, bali kwa sababu hajui kama mtoto huyo anampenda. Tuliyaahirisha malengo yote niliyokuwa nimeyaandika, tukaanza na kumwonyesha baba jinsi mtoto wake anavyomwita kwa macho na kwa kumvuta mkono.

Ukiona kwamba maumivu ya mzazi yanazidi uwezo wako, na hasa ukisikia dalili kwamba anaweza kujidhuru, mpeleke siku hiyo hiyo kwa mtaalamu wa afya ya akili. Katika siku nyingine zote, fomu ijaze mzazi akishaondoka, nawe utakuta kwamba sehemu kubwa ya yale inayoyauliza amekwisha kukueleza.